Hana Malalamiko

Katika faili za wagonjwa wa akili nilizozishika tangu nianze kazi ya uuguzi, kwanza Bungoma na baadaye Kitale, kuna maneno mawili yanayojirudia kuliko jina la dawa yoyote: hana malalamiko. Yameandikwa ziara baada ya ziara, kwa kalamu tofauti na miandiko tofauti. Mgonjwa amefika, amepimwa presha, amedungwa sindano yake ya mwezi, amepewa tembe, ameondoka. Hana malalamiko. Keti sasa kwenye benchi la nje pamoja na watu hao hao wakingojea kuitwa. Mmoja anamwambia mwenzake kwamba mate yanamlowesha mto kila usiku. Mwingine hajaona siku zake tangu Krismasi. Wa tatu ameacha kumeza tembe za jioni. Anazitupa chooni ili mama yake asijue.

Aliye benchini na aliye ndani ya faili ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni swali.

Swali la kliniki ni "Habari ya dawa?" Nasi sote huku, awe Mbukusu wa Chwele, Msabaot wa Kapsokwony au Mturkana wa Kipsongo, tumelelewa tukijua kwamba habari hujibiwa kwa nzuri. Aliyezika jana atajibu nzuri kwanza, ndipo aanze kusimulia yaliyompata. Chumba cha kliniki hakina nafasi ya simulizi linalofuata, maana foleni imefika mlangoni. Tena mgonjwa wa akili ana sababu zake za kunyamaza. Amejifunza kwamba akisema hatulii, huenda ikaandikwa kuwa ugonjwa umerudi na dozi ikapandishwa. Akisema dawa inamlemea, mama yake aliyeketi kando atamkumbusha mbele ya watu jinsi alivyookotwa barabarani bila nguo. Basi anasema nzuri, anachukua tembe zake, na uamuzi wa kuzimeza au kutozimeza anaufanya akifika nyumbani, peke yake.

Ninaandika haya kwa sababu ninaamini uamuzi huo usingefaa kufanywa peke yake. Dawa hizi zimewarudisha watu wengi mashambani, madarasani na kwa watoto wao. Nimeyaona hayo kwa macho yangu na siwezi kuyapuuza. Lakini kila aliyerudi alilipia kitu, na sisi tuliompa dawa mara nyingi hatukujua alilipia nini.

Hakuna siri katika namna zinavyofanya kazi. Klopromazini, ambayo wakongwe wa kazi hii bado wanaiita Largactil, ilitengenezwa Ufaransa Desemba 1950, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaanza kuitumia kwa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Haloperidoli ikafuata mwaka 1958 kutoka maabara ya Paul Janssen, Ubelgiji. Baadaye zikaja sindano za mafuta zinazokaa mwilini kwa wiki kadhaa, kama Modecate, ambayo huku kwetu ndiyo "sindano ya mwezi". Zote hizi huziba vipokezi vya dopamini ndani ya ubongo, na hapo ndipo sauti zinapopungua na hofu inapotulia. Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mwendo wa mikono na miguu, ndiyo inayozuia maziwa yasimtoke mwanamke asiyenyonyesha, na ndiyo inayomtia mtu hamu ya kuamka ashike jembe. Watafiti wa Toronto walipopima ubongo wa watu waliokuwa wakitumia haloperidoli, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, walikuta kwamba nafuu huonekana vipokezi vikizibwa kufikia kama asilimia 65, na viungo huanza kukakamaa ikivukwa asilimia 78. Nafasi iliyopo kati ya hapo na hapo ni finyu, na mkono unaopima dozi katika kliniki ya kaunti hauna mashine ya kuionyesha. Una mgonjwa tu, na atakachosema.

Katika historia ya dawa hizi kuna jambo ambalo sijaacha kulifikiria tangu nilisome. Katika miaka ya 1950 daktari wa Kijerumani, Hans-Joachim Haase, alitafuta njia ya kujua dozi inayotosha. Alimpa mgonjwa karatasi aandike. Dozi ikipanda, anaandika tena. Siku herufi zilipoanza kusinyaa na kubanana, Haase alihesabu kwamba dawa imefika ilipotakiwa. Nia yake ilikuwa njema: alitaka mtu apewe kidogo iwezekanavyo, asizidishiwe. Hata hivyo, dalili ya kwanza ya madhara ikawa ndiyo alama ya mafanikio, na gharama ya mwandiko uliosinyaa kwa mwenye mkono haikuwa sehemu ya kipimo.

Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi, upande wa Kimilili. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, na kwa miezi mingi faili yake ilisema hana malalamiko. Siku moja alikuja na rejista ya darasa kwapani kwa kuwa alikuwa anapitia kliniki akielekea shuleni. Nilimwomba anionyeshe. Kurasa za Januari zilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa mkono mpana, kila herufi imejaa mstari wake. Kurasa za Mei zilikuwa na majina yale yale, lakini kila jina lilianza vizuri na kuishia kama msafara wa sisimizi. Akanieleza kwamba ubaoni hali ni hiyo hiyo; watoto wa nyuma hawasomi tena anachoandika, na sasa anafika shuleni alfajiri ili aandike somo polepole kabla hawajaingia. Hakuwa ameficha. "Sista," aliniambia, "mliniuliza kama nalala na kama nasikia sauti. Nalala, na sauti sisikii."

Tangu hapo nilianza kutafuta maswali bora. Kipimo cha kwanza nilichopata ni kile cha Chuo Kikuu cha Liverpool cha mwaka 1995, kinachojulikana kwa kifupi kama LUNSERS. Kina maswali 51 na anayejibu ni mgonjwa mwenyewe, kwa alama za sifuri hadi nne. Maswali 41 yanagusa mambo ambayo dawa hizi huyaleta kweli: kutetemeka, mdomo kukauka, kuongezeka uzito, hedhi kukatika. Mengine 10 ni mitego. Yanauliza mambo ambayo dawa hizi hazihusishwi nayo, kama nywele kunyonyoka, mafua, au vidole kuvimba na kuwasha kwa baridi. Mtu anayekubali hata hayo, majibu yake yanatazamwa kwa uangalifu.

Niliupenda ujanja huo, kisha nikaujaribu Julai. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Julai mvua haikatiki, ukungu unashuka kutoka Elgon, na kuanzia Saboti hadi Cherangany hakuna mtu asiye na kamasi. Mitego ya Liverpool ikawanasa watu waliokuwa wakisema kweli tupu. Hata yale maswali 41 hayakukaa sawa. Uchovu? Huyu amepalilia ekari nzima. Kizunguzungu? Huyu hajatia kitu tumboni tangu jana. Kichwa kuuma? Malaria ya wiki jana. Ukijumlisha alama unapata namba kubwa, na hujui umepima dawa au umepima maisha ya Trans Nzoia.

Njia ya kutoka hapo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata: uliza kabla ya tembe ya kwanza. Muulize yote siku ile ile anapoanza, akiwa bado anasikia sauti ikiwezekana kuzungumza naye, au baada ya siku chache akitulia. Andika. Kisha uulize maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila anaporudi. Mtu alinganishwe na nafsi yake, asilinganishwe na mwenziwe wala na mtu wa Liverpool. Aliyekuwa na uchovu wa alama mbili kabla ya dawa na sasa ana nne, hizo mbili za juu ndizo za kutafutiwa sababu. Kliniki nyingi hazifanyi hivyo kwa sababu siku ya kuanza dawa huwa ni siku ya fujo, ndugu wamechoka, kamba waliyomfungia bado iko mkononi. Ninaelewa. Ila ukiikosa siku hiyo huipati tena.

Kisha nikakutana na kipimo cha Glasgow cha mwaka 2008, GASS, chenye maswali 22 tu. Hicho kinauliza kuhusu wiki iliyopita kwa sehemu kubwa, na kando ya kila jibu kina kisanduku kidogo cha kutia alama ikiwa jambo hilo linakutesa. Kisanduku hicho ndicho kilichobadilisha kazi yangu. Mara ngapi ni swali moja, na linakuuma kiasi gani ni swali jingine kabisa.

Wagonjwa wetu wengi hawasomi maandishi madogo, na wengine Kiswahili chao ni cha sokoni, si cha karatasi. Kwa hiyo tuliacha kalamu. Mezani tunaweka punje za mahindi na kikombe cha bati. Ninasoma swali, au mwenzangu analisema kwa Kibukusu, na mgonjwa anasukuma punje: hakuna hata moja ikiwa jambo hilo hajaliona, nne ikiwa linamshika kila wakati. Halafu namwambia, kama hili linakusumbua moyo, zitie kikombeni. Kama unaweza kuishi nalo, ziache mezani. Punje zina faida ambayo sikuitarajia. Mtu anayeona haya kulitamka jambo mbele ya mamake huweza kulisukuma kwa kidole bila kufungua mdomo.

Kijana mmoja wa Bungoma, nilipouliza kuhusu kukakamaa kwa viungo, alisukuma punje moja. Moja tu. Kwa hesabu za karatasi hilo si tatizo. Unapita kwenda kwenye swali linalofuata. Lakini aliichukua punje ile na kuitia kikombeni, akaibonyeza chini kwa kidole. Nikamwuliza kwa nini. Ilikuwa Septemba, mwaka unaogawika kwa mbili, na Wabukusu wanajua Agosti ya mwaka kama huo ina nini. Mdogo wake alikuwa ametahiriwa. Kijana yule alitembea pamoja na umati kumsindikiza, vijana wamerusha mabega, mtahiriwa anagonga chinyimba, zile kengele za mkononi, na yeye mikono yake inaning'inia ubavuni kama si yake. Watu waliona. Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kama amepooza. Siku nyingine zote za mwaka mikono ile inamtosha kwa kazi zake. Hukamua ng'ombe, hubeba maji. Siku moja katika miaka miwili ndiyo iliyoingia kikombeni, na ningelijumlisha alama peke yake nisingeijua kamwe.

Jambo la kutotulia linahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndilo linaloleta balaa. Baadhi ya watu wakipata haloperidoli au sindano hupatwa na hali ya ndani inayowazuia kukaa. Anasimama, anaketi, anahamisha uzito mguu huu hadi ule, usiku anazunguka uani. Akiletwa kliniki, ndugu husema ugonjwa umerudi, na kwa macho ndivyo unavyoonekana. Najua kijana wa Kiminini ambaye katika kituo kimoja dozi yake ilipandishwa kwa sababu hiyo, akazidi kuzunguka, ikapandishwa tena. Alipofika kwetu nyayo zilikuwa zimepasuka. Kwenye meza alisukuma punje nne na kuzitia kikombeni kabla sijamaliza swali. Nikamwuliza swali ambalo tangu hapo namwuliza kila mtu: "Unatembea kwa sababu kuna kitu unakikimbia, au ni miguu inayokuondoa?" Akasema hakuna anachokikimbia. Sauti ziliisha zamani. Ni miguu, na kifuani kuna kitu kinawaka, na mara mbili alikuwa amekwenda kusimama kwenye ukingo wa mto Nzoia kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kuitoa hali ile mwilini.

Dozi ilishushwa, akaongezewa propranololi, na katika wiki chache akaweza kukaa kanisani ibada nzima. Hakukuwa na maajabu. Hizo ni hatua zilizomo katika vitabu vyetu vyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa namna inayomwezesha mgonjwa kutenganisha ugonjwa wake na dawa yake. Yeye anajua tofauti. Ndiye pekee anayeijua kwa hakika.

Mengine nitayapitia haraka, si kwamba ni madogo. Klopromazini huifanya ngozi iungue kwa jua, na tunawapa watu wanaoshinda juani wakipalilia. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu ni sehemu ya dawa hiyo, na zisemwe siku ya kwanza. Macho kupanda juu na shingo kupinda baada ya haloperidoli huitisha familia, na wengi hukimbilia maombi kabla ya hospitali, ilhali sindano moja huweza kuyashusha haraka. Nguvu za kiume mimi siulizi tena wanaume watu wazima. Namwachia mwenzangu wa kiume, mlango ukiwa umefungwa, na punje zinazotoka huko ni nyingi kuliko zile nilizowahi kuziona mimi.

Njaa nayo ilinifunza kutoiamini mizani. Kukhu mmoja, yaani bibi kwa Kibukusu, anamlea mjukuu wake wa kiume karibu na Sirisia. Mjomba aliye Nairobi alikuwa akimnunulia olanzapini, na kijana alipona vizuri kabisa. Uzito wake kila mwezi ulikuwa ule ule, tukaandika kwamba dawa inayojulikana kunenepesha haijamnenepesha. Kwenye punje, swali la njaa lilipata nne, zote kikombeni. Kukhu akaangua kilio pale pale. Gunia lililokuwa livuke hadi mavuno lilikuwa limekwisha, kijana anaamka usiku kukwangua sufuria, na sasa bibi anajinyima ili mjukuu ale. Mwili wake haukuongezeka kwa sababu chakula hakikuwapo. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake yote ya kumtia njaa. Umaskini ndio uliozuia mizani isionyeshe.

Usingizi huleta ugomvi wa aina nyingine. Muulize mama: "Analala vizuri, mshukuru Mungu." Muulize kijana: anaamka saa nne, kichwa kizito, wenzake wameshamaliza kuvuna mistari mitatu, na baba wa shamba la jirani hamwiti tena kibarua. Wote wawili wanasema kweli. Kile kilichompa mama pumziko baada ya miezi ya mkesha ndicho kilichomnyang'anya mwanawe ujira. Ndiyo maana siku hizi tunawahoji kando kando, na jibu la mama haliingii katika nafasi ya jibu la mtoto.

Haimaanishi kwamba mgonjwa huona yote. Kuna madhara yanayokuja baada ya miaka, ulimi na taya kucheza vyenyewe, ambayo mwenyewe mara nyingi hayahisi. Bibi mmoja aliyetumia dawa hizi tangu ujana wake hakusukuma punje hata moja kwenye swali la mdomo, na wakati huo huo alikuwa akitafuna bila chakula mbele yangu. Wajukuu zake walidhani ni uzee. Kwa hilo kuna kipimo cha Marekani cha mwaka 1976, AIMS, ambapo muuguzi ndiye anayetazama: vua viatu, keti, toa ulimi, gusa kila kidole kwa kidole gumba. Hakihitaji mashine wala umeme. Na kwa kuwa hali hiyo ikishakomaa mara nyingi haiondoki hata dawa ikisimamishwa, kutazama mapema ni wajibu ambao punje haziwezi kuubeba.

Wenzangu huniuliza, tena kwa haki, faida ya kumwuliza mtu kuhusu maumivu ambayo huna namna ya kuyaondoa ni ipi. Stoo ina aina moja ya tembe na aina moja ya sindano. Ukimfungua mtu mdomo halafu ukampa dawa ile ile, umemsaidia nini? Jibu langu ni kwamba hata kwa dawa moja kuna mengi ya kufanya. Dozi hushuka. Tembe ya asubuhi huhamishiwa usiku. Sindano ya wiki nne husogezwa hadi wiki tano kwa uangalizi. Benzeksoli huongezwa kwa anayetetemeka, na huondolewa kwa aliyepewa miaka mitano iliyopita na sasa hana haja nayo ila inamkausha mdomo na kumfunga choo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha zaidi ya watu 1,400 wenye skizofrenia, ulionyesha kwamba asilimia 74 waliiacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kwisha, na dawa moja ya zamani, kwa dozi ya wastani, haikuachwa mbali na zile mpya za bei kubwa. Watu wanaacha dawa, kote duniani. Tunaweza kujua sababu kabla hawajaacha, au tukaijua wakirudishwa kwa kamba.

Sheria nayo iko upande huu. Sheria yetu ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Hakuna ushiriki kama hajasema dawa inamfanyia nini. Ipo pia fomu ya njano ya Bodi ya Famasia na Sumu, ya kuripoti madhara ya dawa yoyote. Kenya ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara hayo mwaka 2010, na taarifa za nchi wanachama hukusanywa Uppsala, Uswidi. Naijaza kwa yale mazito. Lakini uzito wa mwili, mate, njaa na haya ya kitandani hayaonekani kuwa habari kwa sababu yanajulikana. Na kwa kuwa yanajulikana, hayaandikwi popote.

Mwanamke mmoja wa upande wa Kwanza, aliyeolewa si zamani, aliletwa na mumewe na mama mkwe, wote wakiwa na furaha. Alikuwa kwenye risperidoni, ametulia, amerudi jikoni, na hedhi ilikuwa imekatika kwa mwezi wa nne mfululizo. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka. Mama mkwe alikuwa ameshanunua kitambaa cha mtoto. Kipimo cha mkojo kilisema hana mimba, na tukakirudia, na kikasema vile vile. Nilimwomba mama mkwe atusubiri nje. Yule dada alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama tumbo lake limefungwa na ugonjwa. Nikamweleza kuhusu dopamini na maziwa, kwa maneno ya kawaida, nikamwonyesha kwamba ni dawa, na kwamba ikibadilishwa hedhi kwa kawaida hurudi. Mumewe aliegemea ukuta akasema kwamba laiti wangeambiwa mapema wasingewaambia watu.

Tulipofika kwenye punje alisukuma nne kwa hedhi na nne kwa maziwa, zote kikombeni. Kwa usingizi mbili, akaziacha mezani. Afisa wa kliniki akawaeleza njia zilizopo. Wangeweza kupunguza dozi na kungoja. Wangeweza kuhamia olanzapini, ambayo kwa kawaida haivurugi hedhi kwa kiwango hicho, lakini hospitali haikuwa nayo mwezi ule, wangeinunua kwenye duka la dawa mjini, na njaa ingekuja. Mume akapiga hesabu ya magunia waliyobakiza na bei ya gunia sokoni. Mke akasema anataka mtoto, na sauti hazitaki zirudi, na njaa ataijaribu. Nikamwambia pia kwamba akitaka kushika mimba aje kabla, tupange pamoja, asiache dawa kimyakimya kama wengi wanavyofanya. Wakachagua kubadilisha polepole, dawa ya zamani ikishuka huku mpya ikipanda. Kabla ya kutoka aligeuka akaniuliza kama mwezi ujao punje za njaa nazo zitahesabiwa. Nikamwambia zitahesabiwa, na swali la kilichoingia kikombeni ndilo litakalokuwa la kwanza, kabla ya presha.